Kilichowavuta wanyonge kanisani

Karibu na mwaka 178, mwanafalsafa Celsus aliwadharau Wakristo kwa sababu waliohubiri majumbani walikuwa wachambua sufu, washona viatu na madobi. Kwetu sisi dharau hiyo ni ushahidi mzuri. Zaidi ya karne moja kabla ya Kaisari Konstantino kuihalalisha dini hii mwaka 313, mafundi na vibarua walikuwa tayari wakiieneza. Walipata nini ndani yake?

Tuanze na hofu iliyomwandama kila maskini wa Dola ya Rumi: kufa akakosa wa kumzika. Wengi walijiunga na vyama vya kuzikana. Katika mji wa Lanuvium, karibu na Roma, masharti ya chama kimoja yalichongwa kwenye jiwe mwaka 136. Kiingilio kilikuwa sesterti 100, yaani sarafu za Kirumi, na mtungi wa divai nzuri, kisha mchango wa kila mwezi. Watumwa walipokelewa, ila aliyekaa miezi sita mfululizo bila kulipa alipoteza haki ya kuzikwa na chama.

Kanisa nalo lilikuwa na mfuko. Mwandishi Mkristo Tertullian, aliyeandika huko Karthago, Afrika Kaskazini, mwishoni mwa karne ya pili, anaeleza kwamba kila muumini alitoa mara moja kwa mwezi, akipenda na akiwa nacho. Fedha hizo zililisha na kuzika maskini, zikatunza yatima na watumwa waliozeeka. Mwaka 251 Askofu Cornelius aliandika kwamba kanisa la Roma linahudumia wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Aliyeishiwa kabisa naye alihudumiwa.

Kisha ikazuka tauni ya katikati ya karne ya tatu. Dionysius, askofu wa Aleksandria, anasimulia jinsi Wakristo walivyouguza wagonjwa na kuosha maiti, wengine wakaambukizwa na kufa. Tumaini la ufufuo liliwapa ujasiri wa kukaa palipokimbiwa. Mgonjwa anayepewa maji na chakula hupona kwa urahisi zaidi hata pasipo dawa, na aliyepona hivyo hamsahau aliyemuuguza.

Mwaka 362 hivi, Kaisari Julian, aliyetaka kufufua ibada za miungu ya kale, alilalamika kwamba Wakristo wanalisha maskini wao na wa wapagani pia. Akaagiza makuhani wake wafanye vivyo hivyo. Alikuwa ametambua kwamba mahubiri ya Wakristo yalipata nguvu kwa sababu msikilizaji alikuwa amekwisha kuyaona yakitendwa.