Goti lagandishwa kabla ya kisu
Billie Jean King, bingwa mara sita wa Wimbledon kwa mchezaji mmoja mmoja, aliwekewa magoti ya bandia mwaka 2010. Kwa wakongwe wa viwanjani, kasheshe si kisu, ni wiki zinazofuata: goti linauma, na lisipokunjwa mapema linakakamaa.

Marekani baadhi ya madaktari wanayawahi maumivu. Siku kadhaa kabla ya upasuaji, sindano iliyopozwa kwa gesi hadi karibu nyuzi 88 chini ya sifuri hugandisha mishipa ya fahamu ya ngozi ya mbele ya goti. Mishipa hiyo huota upya baada ya miezi. Msuli wa paja haulegei, hivyo mazoezi yanaanza. Ila maumivu ya ndani kabisa hayaguswi, kwa hiyo vidonge bado vipo.