Chajio cha Januari: Sufuria Moja, Nyumba Mbili

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalotugusa sote tumboni kila jioni, nalo ni chajio. Nyumbani wengi wetu hukiita sapa, lakini kwa kuwa hili ni gazeti la Chama cha Kiswahili, niruhusuni nikiite kwa jina lake.

Nina swali. Kwa nini tunakaribishana siku ambazo kila mtu ana chakula, halafu tunafungiana milango siku ambazo kuna asiye nacho? Tarehe 25 Desemba na tarehe 1 Januari, sahani za pilau na chapati huvuka ua bila kuulizwa zinakwenda wapi. Watoto hula nyumba tatu kwa siku moja hadi washindwe kuinama. Lakini ikifika tarehe 10 Januari, pazia linashushwa mapema. Ukibisha hodi saa moja jioni unasikia sahani zikihamishwa upesi upesi huko ndani, kisha unaambiwa, "Karibu, lakini tumemaliza kula sasa hivi!" Kumbe huo ndio mwezi ambao kulishana kuna maana kubwa zaidi.

Makala haya yanaeleza jinsi chajio cha kila siku, yaani ugali, sukuma wiki, githeri na ndengu, kinavyoweza kuliwa kwa zamu na nyumba mbili au tatu mwanzo wa mwaka, na faida inayopatikana.

Kwa Nini Januari Ni Ndefu?

Kalenda inasema Januari ina siku 31, sawa na Desemba. Mbona basi wenye mzaha wameubatiza mwezi huu "Njaanuari"? Sababu ya kwanza ni mshahara. Waajiri wengi hulipa mapema mwezi wa Desemba ili watu wasafiri kwa Krismasi. Mtu aliyepokea mshahara tarehe 20 Desemba na atakayepokea mwingine tarehe 31 Januari anangoja siku 42. Pesa za siku 30 zinatakiwa zitembee siku 42, tena katikati yake kuna sikukuu mbili na nauli ya kwenda mashambani na kurudi.

Sababu ya pili ni sisi wenyewe wanafunzi. Tangu mwaka wa 2008 serikali imekuwa ikitoa pesa za masomo ya sekondari, lakini mzazi bado ana sare, viatu, madaftari, chakula cha mchana na, kwa wale wa mabweni, karo ya malazi. Mambo hayo yote humwangukia kwa wiki moja. Sababu ya tatu ni kazi. Anayeishi kwa kibarua cha mjengo hukuta kazi imefungwa hadi wiki ya pili au ya tatu. Na huko Ukambani, mahindi ya mvua za vuli bado yako shambani, kwa maana huvunwa kuanzia Februari hivi. Kwa hivyo mzazi akinyamaza jioni, usidhani amekasirika. Yumo katika hesabu.

Hesabu ya Sufuria

Haya, tufanye hesabu sisi pia. Maharagwe makavu ambayo hayakurowekwa yanaweza kukaa motoni saa mbili au zaidi. Katika muda huo, makaa mengi yanatumika kuchemsha maji na kuifanya sufuria iendelee kutokota. Sufuria ya watu watano na sufuria ya watu kumi zinakaa motoni karibu muda uleule. Ile kubwa huhitaji moto zaidi kidogo mwanzoni, lakini haili makaa maradufu.

Sasa chukua nyumba mbili jirani, kila moja ikipika githeri au maharagwe jioni nne kwa wiki. Kwa wiki nne, kila nyumba imewasha moto mrefu mara 16. Zikipokezana, Jumatatu kwa mama huyu na Jumanne kwa mama yule, kila nyumba itawasha moto mrefu mara 8 tu. Huo ni upungufu wa nusu, na hakuna aliyelala njaa.

Sokoni nako ni vivyo hivyo. Mwenye shilingi chache hununua mafuta ya kupimiwa, unga wa kupimiwa na maharagwe ya kikombe. Bei ya vitu vidogo vidogo ukiijumlisha, mara nyingi ni ghali kuliko kununua gorogoro zima au chupa nzima ya mafuta. Ajabu ni kwamba asiye na kitu ndiye anayelipa zaidi! Nyumba mbili zikichanga, zinapata gorogoro ambalo kila moja peke yake haingeliweza. Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kilikuwa kipimo halisi cha nafaka, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Hiyo basi ni methali ya watu waliokuwa wakipima chakula.

Zipo mbinu nyingine za kuokoa moto. Roweka maharagwe usiku kucha, kisha mwaga maji yale na upike kwa maji mapya. Yataiva mapema na hayatajaza tumbo gesi. Tumia jiko lenye udongo ndani, lile lililoanza kuenea nchini miaka ya 1980, kwa sababu udongo huzuia joto lisipotee ubavuni. Ukiwa na kikapu kikubwa, kijaze matambara au majani makavu ya mgomba, uifunike ndani yake sufuria iliyokwisha kuchemka vizuri, na chakula kitaendelea kuiva bila moto. Lakini angalia: maharagwe mekundu sharti yatokote kwa nguvu dakika kumi au zaidi kwanza, kwa kuwa yana sumu ambayo joto dogo haliiui.

Chakula Duni? Hata Kidogo!

Wengine huona haya kumkaribisha mtu kwa githeri. Wanadhani mgeni lazima achinjiwe kuku. Waama, hiyo ni dhana isiyo na mashiko. Mwalimu wa sayansi atawaambieni kwamba mwili hujengwa kwa protini, na protini hutengenezwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino. Mahindi yana upungufu wa kipande kimoja kiitwacho laisini. Maharagwe yana laisini tele, ila yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Ukiyachanganya, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Hata ndani ya sufuria kuna ujirani mwema!

Ndiyo maana mchanganyiko huo umegunduliwa na watu wengi. Wakikuyu huuita githeri, Wakamba isyo, Wajaluo nyoyo, na ndugu zetu wa Tanzania makande. Jirani yako akitoka kabila lingine, usihofu kumpakulia. Huenda akala na kukuambia jinsi nyanya yake alivyokuwa akiupika.

Mboga pia zina siri zake. Sukuma wiki jina lake linajieleza, maana huisukuma wiki hadi siku ya mshahara. Kijiko cha mafuta husaidia mwili kuipokea vitamini A iliyomo. Nyanya au ndimu huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharagwe, lakini chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzuia jambo hilo. Afadhali chai ingoje kama saa moja hivi. Na omena wanaodharauliwa, kwa vile huliwa na mifupa yao, hutupa kalisi ya kuimarisha mifupa yetu.

Mwaka Mpya wa Makunduchi

Kuna atakayesema kwamba kulishana mwanzo wa mwaka ni jambo la kuiga kutoka filamu. La hasha! Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina mwaka wake wa jadi unaoitwa Nairuzi, jina lililotoka Uajemi. Huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, sherehe zake huitwa Mwaka Kogwa na hufanyika mwezi wa Julai. Wanaume hupigana kwa magogo ya migomba ili kumaliza uhasama wa mwaka uliopita, na kibanda cha makuti huchomwa moto. Baada ya hapo watu hula, na milango huwa wazi kwa wageni. Wenyeji huona si vizuri mtu kuupokea mwaka bila mgeni nyumbani kwake.

Tazama mpango ulivyo. Kwanza wanaondoa chuki, kisha wanakula pamoja. Sisi tunaoanza mwaka Januari hatuhitaji kupigana kwa migomba, lakini tungeweza kuiga huo mlango ulio wazi.

Jinsi ya Kuanza

Jambo hili si gumu, ila lina adabu zake.

Kwanza, wazazi ndio wa kukubaliana. Mwanafunzi asimlete mwenzake nyumbani kila jioni bila kumwambia mama. Njia ya upole ni kupeleka bakuli: "Shikamoo mama, nimetumwa nikuletee ndengu kidogo, zimetuzidi." Kwa desturi ya watu wengi, bakuli la jirani halirudi tupu. Likirudi na ndizi tatu au mboga za kienyeji, zamu imeanza.

Pili, pasiwe na mashindano. Chakula kiwe kile ambacho kingepikwa hata kama mgeni asingekuja. Mmoja akianza kuonyesha maringo kwa nyama, mwenzake atashindwa kumkaribisha tena, na mpango umekufa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Tatu, kila mmoja alete kitu. Asiye na unga alete kuni. Asiye na kuni achote maji, aoshe vyombo, au awafundishe watoto hesabu baada ya kula. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii haimfukuzi mgeni. Inamwinua awe mwenyeji. Mtu aliyeshika jembe haoni haya kushika kijiko.

Nne, usafi. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji ya kumiminwa, mkubwa au mgeni akitangulia. Korona ilipoingia nchini Machi 2020 tulizoea kila mtu kuwa na sahani yake, na hakuna ubaya tukiendelea hivyo. Kiporo nacho kipashwe moto mpaka kitokote.

Tano, na hili ni letu sisi vijana: yanayoonekana kwenye meza ya jirani yabaki mezani. Usije shuleni ukasema, "Kwa akina fulani wanakula ugali na chumvi!" Neno kama hilo, hata likisemwa kwa mzaha, linaweza kufunga mlango uliochukua miezi kufunguliwa. Njaa ya Januari huumiza tumbo, lakini kilichowafanya watu wahamishe sahani mgeni akibisha ni hofu ya kuchekwa.

Tamati

Ewe msomaji, katika kila darasa mwanzo wa muhula kuna mwenzetu anayesinzia kipindi cha kwanza. Tunamcheka, mwalimu anamwuliza kama alikesha kwenye disko. Huenda jana usiku alikunywa chai kavu akalala. Hatasema, na wala hawezi kuomba. Lakini akiitwa aje asaidie kupasua kuni, kisha akaambiwa, "Nawa mikono tule," hapo hajaomba na wewe hukutoa sadaka. Mmekula chajio tu.

Basi mwaka ukianza, tusingoje siku ya pilau. Leo jioni, kabla pazia halijashushwa, muulizeni mama kama sufuria yaweza kuongezwa kikombe kimoja cha mahindi na maji kidogo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nawatakia nyote mwaka wa shibe na amani.