Homa ya Ini, Majani Chai na Wasichana Waliotoweka

Wapo wanafunzi wengi, wa shule za upili na hata wa vyuo vikuu, wanaoamini kwamba msomi akishachapisha utafiti wake katika jarida lenye heshima, basi mjadala umekwisha na kilichobaki ni kukariri. Sisi walimu, tusifichane, ndio tunaowazoesha imani hiyo. Kwa sababu hiyo naona kisa cha utafiti wa Emily Oster kuhusu homa ya ini kinastahili nafasi katika madarasa yetu, ya uchumi na ya biolojia vilevile.

Chimbuko lake ni makala aliyoiandika Amartya Sen mwaka wa 1990. Mtaalamu huyo, mzaliwa wa India aliyekuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 1998, alidai kwamba wanawake zaidi ya milioni 100 walikuwa wametoweka duniani. Hakumaanisha kwamba walitekwa nyara. Alilinganisha idadi ya wanawake na ya wanaume, akaona kwamba Uchina, India na kwingineko barani Asia wanawake walikuwa wachache mno kuliko ambavyo wangekuwa kama wangetunzwa sawa na ndugu zao wa kiume. Miongoni mwa sababu alizozitaja ni soko la ajira: mwanamke mwenye kazi ya kumletea pato nje ya nyumba huthaminiwa zaidi, na mabinti nao hufaidika kwa thamani hiyo.

Mwaka wa 2005 Oster, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Harvard, alileta hoja tofauti kabisa. Alisema kwamba wazazi wenye virusi vya homa ya ini aina ya B huelekea kuzaa wavulana wengi zaidi. Wazo hilo lilikuwa limedokezwa kitambo na Baruch Blumberg, mvumbuzi wa virusi hivyo, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1976. Kwa hesabu za Oster, ugonjwa huo ulieleza karibu nusu ya upungufu wote, na kwa Uchina kama robo tatu. Msomaji auone uzito wa dai hilo. Kama lilikuwa kweli, basi mamilioni ya wasichana hawakunyimwa chakula wala matibabu, bali hawakuzaliwa kamwe. Lawama ingewaondokea wazazi na kuangukia virusi.

Monica Das Gupta, mtaalamu wa takwimu za watu, alilipinga kwa hoja ambayo mwanafunzi yeyote makini angeweza kuifikia. Huko Uchina, uwiano wa wavulana na wasichana miongoni mwa vifungua mimba ulikaribia kuwa wa kawaida. Wavulana walizidi mno pale tu ambapo mama alikuwa tayari ana binti. Nami nauliza, virusi vitajuaje kwamba nyumba hii ina msichana mmoja na sasa inasubiri mvulana? Kisha mwaka wa 2008 wachunguzi wa Taiwan walipitia rekodi za watoto milioni tatu, wakakuta kwamba ugonjwa wa mama hauna athari ya maana juu ya jinsia ya mtoto.

Oster hakujificha. Pamoja na wenzake alikusanya takwimu mpya nchini Uchina kwenyewe, na mwaka huohuo wa 2008 akatangaza kwamba homa ya ini haielezi wingi wa wavulana huko. Alilisema hilo waziwazi katika kichwa cha ripoti yake. (Ugonjwa wenyewe, bila shaka, ungali unaua kwa saratani ya ini, na ndiyo sababu watoto wachanga wa Kenya wamechanjwa dhidi yake tangu 2001.)

Tukarudi basi kwenye soko la ajira. Mwaka uo huo, Nancy Qian alichapisha utafiti kuhusu majani chai nchini Uchina. Baada ya mageuzi ya kiuchumi ya mwishoni mwa miaka ya sabini, chai ililipa vizuri zaidi, na wachumaji wake hasa ni wanawake. Matunda ya miti, ambayo huhitaji nguvu za wanaume, nayo yalipanda. Katika wilaya za chai, wasichana wengi zaidi walisalimika, na watoto wa jinsia zote mbili walisoma kwa muda mrefu zaidi. Pato la wanaume lilipoongezeka, masomo ya wasichana yalipungua, na ya wavulana hayakubadilika.

Wala majani chai si mageni kwetu. Huko Kericho, Nandi na Murang'a mikono ya akina mama huyachuma tangu alfajiri. Mwalimu wa huko anaweza kuwatuma wanafunzi wake nyumbani na swali moja tu: malipo ya mwisho wa mwaka yanapofika, yanaingia katika akaunti ya nani?