Karanga Zenye Maganda Matupu

Shamba la karanga laweza kusitawi majani, na siku ya kubambua tukakuta maganda matupu. Kazi ya masika yote imepotea. Mbegu husingiziwa bure. Mara nyingi udongo umepungukiwa na chokaa. Karanga si kama mahindi: ua likiisha kuchavushwa hutoa kijiti kiingiacho ardhini, na ganda changa hujinyonyea chokaa katika udongo uligusao. Ile inyonywayo na mizizi hupanda majanini, haishuki tena. Basi jasi tuinyunyize juu ya udongo, karibu na mashina, wakati wa kuchanua. Naitrojeni mmea hujipatia kwa vinundu vya mizizi. Nanyi walimu, wapasulieni watoto kimoja, waone wekundu wa ndani.