Si Uvivu, Ni Ugonjwa



Mwezi huu tunataka tuongee juu ya mgonjwa ambaye watu wengi tunamlaumu bure. Ni yule aliyepata kiharusi, akapata nafuu, lakini tangu hapo anakaa tu.

Jirani yetu mmoja ni fundi baiskeli. Baada ya kiharusi alirudi kutembea, hata kuongea. Lakini kutwa nzima yuko mlangoni, spana ziko pale, hazigusi. Binti yake alipomletea mjukuu wa kwanza, alimtazama mara moja, akageuka. Mke wake alilia. Majirani wakasema eti mvivu, wengine eti karogwa. Na sisi walimu tulisema hivyo hivyo, mpaka muuguzi alipotueleza.

Ubongo una sehemu zinazompa mtu msukumo wa kuanza jambo. Kiharusi kikiziumiza, mikono inaweza kuwa na nguvu lakini ule msukumo haupo. Hata furaha inapungua. Katika watu 3 waliopata kiharusi, karibu 1 anapata hali hii. Wenye ugonjwa wa Parkinson na wazee wenye ugonjwa wa kusahau nao wanaipata.

Je, si huzuni? Hapana. Mwenye huzuni anaumia moyoni, analia, anajilaumu. Huyu haumii hivyo, wanaoumia ni ninyi mnaomtunza. Ila mtu anaweza kuwa na yote mawili, kwa hiyo mpelekeni zahanati aangaliwe.

Nyumbani tufanyeje?

- Msimuulize "Unataka kufanya nini?" Atajibu "Hakuna." Mwambieni "Twende tukanawe," mwanze pamoja naye.
- Mpeni kazi moja fupi aliyoizoea, kila siku saa ile ile.
- Akifanya, mshukuruni. Kumgombeza hakusaidii.
- Kama ana dawa za presha, mpeni ninyi, msingoje azikumbuke.
- Anayemtunza naye anachoka. Pokezaneni.

Mke wa yule fundi sasa anamwekea gurudumu mbele yake na spana mkononi. Anakaza nati mbili tatu, anaacha. Kesho tena. Mjukuu naye wanampakata mapajani mwake. Babu hacheki, lakini anamshika vizuri, hamwachi aanguke. Bibi anasema siku hizi halii tena, maana amejua si yeye aliyekataliwa.

Basi, jamani, tukimwona mtu kakaa mlangoni, tusimcheke. Tumsaidie kuanza.