Kiswahili cha Lusangi na Nchi ya Kasongo

Lusangi iko kusini mwa jimbo la Maniema, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye nchi ya Kasongo na Kabambare ambako Mto Luama unateremka kwenda kuungana na Lualaba. Ingawa bahari iko mbali nayo kwa safari ya miezi mingi ya misafara ya zamani, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wenyeji wake sokoni, msikitini na kanisani, kwa kuwa Wabangubangu, Wakusu na majirani zao kila mmoja ana lugha yake ya ukoo. Msomaji wa Tanzania atawaelewa wenyeji hao kwa sehemu kubwa, kisha ghafla asiwaelewe, na pale anapopotea ndipo penye mengi ya kujifunza.

Lugha hii ilifuata njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare na kutua Kasongo na Nyangwe, vituo vya wafanyabiashara wa pembe na watumwa, ambao mashuhuri wao alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip. Biashara ile iliangamiza vijiji vingi, wala lugha iliyobaki haiufuti uchungu huo. Wafuasi wa wafanyabiashara hao, ambao wengi wao walizaliwa bara, walijiita Waungwana, na kwa jina hilo Kiswahili cha Kongo kikaitwa Kingwana. Majeshi ya dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yalipouteka mji wa Kasongo mwezi Aprili 1893, utawala wa wafanyabiashara hao ulikwisha mjini humo, lakini Uislamu, kilimo cha mpunga na Kiswahili vilibaki, na mwaka 1928 mmisionari John Whitehead alichapisha kitabu cha kufundishia Kingwana huko Wayika, kando ya Lualaba.

Tofauti ya kwanza inayosikika katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo ni ya sauti na maumbo: mtu huwa mutu, mtoto huwa mutoto, maji huwa mayi, na kuja huwa kuya. Kwa udogo wa kitu hutumika kiambishi ka-, na tu- kwa wingi, hivi kwamba mtoto mchanga ni katoto na wenzake ni tutoto. Umbo hili ni la Kibantu cha kale, linapatikana pia katika Kikikuyu, na haifai kulihesabu kuwa kosa. Mazoea, ambayo Kiswahili sanifu huyaonyesha kwa hu-, huko huonyeshwa mwishoni mwa kitenzi, kama katika anasemaka, maana yake mtu huyo husema hivyo mara kwa mara.

Linalomkwaza mgeni zaidi ni maneno anayodhani anayajua. Mtu akisema kwamba anatumika mjini, halalamiki kwamba wengine wanamtumia kwa faida yao, bali anaeleza kwamba anafanya kazi huko. Na akiambiwa atoshe viatu, anaambiwa avivue, kwa sababu kutosha katika usemi huo ni kutoa. Bibi ni mke, hata awe bado kijana, wala si lazima awe nyanya wa mtu. Yaya, ambaye Dar es Salaam ni mlezi wa watoto anayelipwa mshahara, kwa Wakongo ni kaka au dada mkubwa, na kumwita hivyo ni kumpa heshima yake. Mgeni anayelisikia neno hilo kwa masikio ya pwani anaweza kudhani kwamba familia nzima ni ya watumishi. Wasemaji wa Kihispania nao wanalijua jambo hili, maana basi la abiria nchini Cuba huitwa guagua na nchini Mexico huitwa camión, ambalo Hispania ni lori, na hakuna anayesema kwamba Wacuba au Wameksiko wameiharibu lugha.

Utawala wa Wabelgiji nao uliacha alama. Serikali huitwa Leta, kutokana na Kifaransa, padri ni mupe, mtawa wa kike ni masera, na Jumamosi ni siku ya posho, jina linalokumbusha siku ambayo vibarua walipimiwa chakula chao. Hata maneno mengine ya kila siku ni tofauti na ya pwani: baiskeli ni kinga, ndege ya abiria ni ndeke, kisamvu ni sombe.

Kiswahili cha Kasongo husifiwa kuwa karibu zaidi na cha pwani kuliko kile cha Lubumbashi, na sababu yake inaeleweka, kwa kuwa Kasongo umekuwa kitovu cha Uislamu nchini Kongo na madrasa zake zimewalea watoto katika lugha hiyo kizazi baada ya kizazi. Misimu ya vijana, kama Indoubil ya Bukavu inayochanganya Kiswahili, Kilingala na Kifaransa, ni tawi jingine kabisa.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na tangu mwaka 2022 nchi hiyo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Watunzi wa kamusi wa Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi wanapaswa sasa kuyakusanya maneno ya Maniema na kuyaandika pamoja na jina la mahali yanaposemwa, kama wanavyoyaandika yale ya Pemba na Lamu, kwa sababu wasemaji wake ni Waswahili wa lugha kwa haki ile ile.