"Apatridi": neno hili lina maana gani?

Hapa Goma neno hili husikika zaidi watu wanapokasirikiana. Mmoja anamwita mwenzake "apatridi" kama tusi. Lakini halikuanza kama tusi. Kwa Kigiriki, "patris" ni nchi ya baba, na "a" ya mbele inaonyesha kukosa. Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1954 yanasema apatridi ni mtu ambaye hakuna serikali yoyote inayomhesabu kuwa raia wake kwa sheria yake. Hakuna hata moja.

Basi mtu wa Masisi aliyekimbia vita, nyumba ikaungua na kadi yake ndani, si apatridi. Amepoteza karatasi, uraia anao. Hata mkimbizi aliyevuka mpaka mara nyingi bado ana nchi yake.

Kiswahili husema "asiye na uraia". Neno "raia" limetoka katika Kiarabu, kwenye shina moja na kuchunga: lilimaanisha kundi la mifugo, tena watu walio chini ya mtawala. (Wachungaji wetu watalipenda hilo.) Asiye na uraia ni kama kondoo ambaye jioni hakuna anayemhesabu.

Kwetu Kivu jambo hili limeumiza watu. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia wa Zaire watu waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikafuta hiyo, ikadai mababu waliokuwa ndani ya mipaka tarehe 1 Agosti 1885. Nani kati yetu, wa kabila lolote, ana karatasi ya babu ya mwaka 1885? Watu waliokuwa raia jana wakaanza kuulizwa kwao ni wapi. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 ilisogeza kipimo hicho hadi wakati wa uhuru, mwaka 1960. Tusi lakini lilibaki mitaani.

Wazazi, cheti cha kuzaliwa peke yake hakimpi mtoto uraia. Kinaonyesha wazazi wake ni nani na alizaliwa wapi, na hayo ndiyo yatakayoulizwa kesho. Mwandikisheni ndani ya siku 90. Zikipita, itabidi kutafuta hukumu ya mahakama kwanza.